Somo la Kugeuka

Katika mwaka mmoja na miezi minne ya mapenzi yao, Ignace hakuwahi kumsubiri Bertila chini ya jengo. Yeye alikuwa mtu wa kusubiri juu, mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akitabasamu kama mwenye nyumba. Kwa hiyo Bertila alipomwona amesimama kando ya masanduku ya barua, shati limelowa mgongoni, alitambua kuna jambo kabla hata hajasalimiwa.

"Umekuja peke yako?" Ignace aliuliza.

"Nilikuwa nije na nani? Na kwaya?"

Hakucheka. Alimvuta pembeni, karibu na ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa unatoka jasho. Ilikuwa ile miezi ya Guangzhou ambayo unyevu hutoka kwenye saruji, sakafu huteleza, na nguo haikauki hata ukiianika wiki nzima. Bertila aliyatazama macho ya mpenzi wake, macho aliyoyajua kwa furaha na kwa wivu na kwa njaa, na leo hakuyatambua.

"Kethia amesema," Ignace akanong'ona.

"Amesema nini?"

"Jana. Mbele ya wamama wa maombi. Wanakungoja juu."

Bertila alijua tu siku hii ingefika.

Bertila alikuwa binti wa Bukoba, mwalimu wa sayansi kwa kusomea, aliyekuja China kwa masomo akabaki kwa mapenzi, ingawa mama yake alidhani amebaki kwa kazi. Kazi nayo ilikuwepo. Ghorofa ya tisa ya jengo hili la Sanyuanli, sebuleni kwa Denise, dada mkubwa wa Ignace, ambaye kwa lugha ya kwao alimwita yaya, watoto kumi na mmoja wa wafanyabiashara wa Kikongo walisoma kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, ubao mweupe upande mmoja na picha ya Bwana Yesu upande wa pili. Shule ya nyumbani, ya watoto wa kumcha Mungu. Siku Denise alipompa kazi, alichukua kitabu cha baiolojia na wembe, akakata sura nzima ya mageuko ya viumbe, ile habari ya mtu na nyani kuwa na babu mmoja. Kisha akamsogezea Biblia. Bertila aliweka mkono akaapa kwamba hataifundisha. Aliapa upesi upesi, maana kijana aliyekuwa anawaletea juisi, Ignace, alikuwa na macho ya kumfanya msichana aape lolote.

Na Jumatano iliyopita alikivunja kiapo. Loïc, mkubwa wa darasa, alikuwa anaingia mtihani mwezi ujao, na mageuko yalikuwamo katika kila karatasi ya miaka ya nyuma. Mtoto aliuliza, mwalimu akajibu. Wadogo, Kethia akiwamo, walikuwa wanapaka rangi upande wa pili wa meza. Alidhani hawasikilizi.

"Basi nimekwisha," alisema. "Dada yako hatanisamehe."

"Sikiliza, Berti. Usitaje sura. Usitaje kitabu. Watakuuliza jambo moja tu, na wewe utajibu neno moja. Sema mtoto ameota. C'est tout, basi. Ni ndoto."

"Kwa nini ndoto?"

"Kwa sababu itakwisha hapo hapo. Yaya atatulia, na saa kumi na moja tunampigia papa Likasi, kama tulivyopanga. Papa amekubali, anangoja tu neno la yaya. Leo, chérie. Leo hii unakuwa wa kwetu." Alikamata vidole vyake vyote vitano. "Nisipokuoa wewe, mimi sioi. Niahidi."

Angepaswa kumwuliza maswali. Mwalimu yeyote angeuliza. Lakini Bertila alikuwa ameisubiri simu hiyo ya kwa baba yake Ignace, Likasi, Kongo, tangu mwaka jana, tangu Denise aliposema kwamba msichana wa Tanzania, asiyejua hata kusonga bukari, ugali wa kwao, vizuri, hawezi kuwa mke wa nyumba yao. Mtu anayependa na kuogopa kwa wakati mmoja hana nafasi ya maswali.

"Nimeahidi," alisema.

Juu, viti vya darasa vilikuwa vimesukumwa ukutani. Hata maji hakukaribishwa. Denise alisimama dirishani, kilemba kimelegea, macho mekundu. Kwenye kochi alikaa Mama Loïc, mama mzito wa mwili na wa sauti, Biblia mapajani. Na mezani, peke yake, alikaa Kethia, mtoto wa Denise, miaka tisa, gauni jeupe la Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi, viganja vyote viwili vimewekwa wazi juu ya meza kama alivyoamriwa. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alipomwona mwalimu wake alitaka kutabasamu, akakumbuka, akaacha.

"Maîtresse," Denise alianza, kwa jina ambalo watoto humwitia mwalimu wao. "Miye niko naogopa. Nakuambia bila kuficha. Miye sitaki balozi mu nyumba yangu."

Balozi! Bertila aliona mihuri, pasipoti, mtu wa suti anampigia simu mama yake Bukoba. Kumbe mambo yamefika huko?

"Mama Kethia, mimi sijaongea na balozi yeyote. Haki ya Mungu. Hata mlango wa ubalozi siujui."

Mama Loïc aliruka kwenye kochi. "Munasikia? Iko nasema bako na mulango! Anabajua!"

"Berti," Ignace alinong'ona nyuma yake, haraka. "Balozi ni wachawi. Kwetu mulozi ni mchawi."

Alishika mgongo wa kiti. Alikuwa amepanda huku akiogopa kufukuzwa kazi, na sasa aliona ile hofu ya chini ilikuwa ndogo, hofu ya mtu aliyechelewa kazini.

"Rudilia," Denise alimwambia mwanawe. "Rudilia maneno ya jana, maîtresse asikie."

Kethia alimeza mate ambayo hayakuwepo. "Maîtresse alitufundisha namna muntu anageuka nyama," alisema. "Pole pole. Bila muntu kuona. Alisema hata siye zamani tulikuwa nyama. Na hata sasa tuko tunageuka."

Bertila nusura acheke. Mungu amsamehe, kicheko kilimfika kooni, maana mtoto hakuwa amekosea hata neno moja. Mwalimu alisema mageuko, mtoto akasikia kugeuka. Mwalimu alisema wanyama, na katika Kiswahili cha Katanga, nyama si ya sufuriani tu, nyama ni mnyama yeyote, hata simba. Na kule kwao anayegeuka nyama si habari ya mtihani. Ni yule jirani anayetoka nyumbani kwa miguu miwili na kurudi kwa minne, na asubuhi mtoto wa watu hayupo. Somo lote la Jumatano lilipita katika kichwa kidogo kile, likatokea upande wa pili likiwa uchawi.

Denise alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana. "Maneno ile mutoto hawezi kuyatunga," alisema polepole. "Ni weye ao ni yeye. Kama ni weye ulimufundisha kugeuka, sema ni weye. Nakuomba, dada. Sema ni weye."

Halikuwa tishio. Lilikuwa ombi la mama, na ndiyo maana lilimtisha zaidi.

"Ao pengine ameota tu," Mama Loïc aliingilia. "Denise, muulize maîtresse kama ni ndoto."

Ignace aliinua macho. Bertila aliyaona yakimwambia: sasa. Neno moja, saa kumi na moja, Likasi. Alifungua mdomo. Sijui ni malaika gani aliyempitia, lakini badala ya jibu lilitoka swali.

"Akiwa ameota, inakuwaje?"

"Inakuwaje?" Mama Loïc alimshangaa mtu mzima asiyejua. "Mutoto mwenye kuota anageuka nyama, ile si ndoto. Usiku roho yake iko natoka. Lundi, Jumatatu hii, tunamupeleka kwa mutumishi wa Mungu, anamufungia siku tatu, hakuna chakula, hakuna maji, mpaka kintu itoke. Tulishaanza tangu jana. Yee hajagusa hata mukate."

Bertila aligeuka kumtazama Ignace. Alimtazama kwa muda, akimpa nafasi ya kushtuka, ya kusema hapana, ya kuonyesha kwamba hakujua. Ignace alikuwa anatazama viatu vyake.

Alijua. Alijua tangu pale chini, alipokuwa amemshika vidole.

Hofu ina viwango, nao Bertila alikuwa anapanda ngazi zake tangu aingie jengo hili. Sasa alifika juu kabisa. Akisema ndoto, jioni hii ni mchumba wa mtu, na mtoto huyu anafungiwa siku tatu bila maji. Akisema kweli, hana kazi, hana ukoo wa Likasi, hana Ignace.

"Maîtresse," Kethia alisema kwa sauti ndogo. "Miye sikuota."

"Najua, mwanangu." Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Hakuota, Mama Kethia. Wala hakusema uongo. Ni mimi. Nilifundisha ile sura uliyoikata. Niliapa kwenye Biblia yako, na nikaifundisha."

"Berti!" Ignace alisema.

"Niache." Hakugeuka. "Loïc ana mtihani, akaniuliza. Nilimweleza mageuko. Si kugeuka, Mama Kethia, mageuko. Ni neno la vitabuni. Mtoto akalisikia kwa lugha ya nyumbani kwenu, na lugha ya nyumbani kwenu ina mambo yake."

"Sura ile ya nyani?" Denise aliuliza.

"Ile ile."

"Hakuna dawa? Hakuna kitu ulimulisha?"

"Kalamu ya ubao tu, na hiyo hailiwi." Alimsogelea. "Tazama. Wewe unanunua nguo Shisanhang miaka yote hii. Ile blauzi ya kola, mnayoigombania kupeleka Lubumbashi. Laoban wa kwanza, yule bosi wa kiwanda, alishona kola ndefu. Wa pili, kule Kangle, akainakili, mkasi ukateleza, kola ikatoka fupi. Wateja wakapenda fupi. Wa tatu hakunakili ya kwanza, alinakili ya pili, na yeye akakosea mkono. Baada ya miaka kumi ukiweka ya kwanza na ya mwisho kitandani utasema hizi si ndugu. Lakini hakuna blauzi iliyolala blauzi ikaamka suruali. Hakuna iliyogeuka. Hayo ndiyo niliyowaambia watoto, kwamba viumbe hubadilika hivyo, kizazi kwa kizazi, miaka mingi isiyohesabika. Kethia hatoki usiku. Kethia anasikiliza darasani, basi, kosa lake ni hilo."

Wanawake wale wawili walikuwa wameishi kwa nguo nusu ya maisha yao, na Bertila aliona wanaelewa, wanaelewa kupita alivyotaka.

"Na Mungu?" Mama Loïc aliuliza taratibu. "Mungu yeye hakushona?"

"Mimi naamini alishona, Mama Loïc. Nasali kila siku kwa aliyeshona. Ila sidhani alishona kwa siku moja."

"Ah non." Mama Loïc aliinuka, Biblia kwapani. Uso wake ulikuwa na hasira, lakini ile hofu ya wachawi ilikuwa imemtoka. Mambo ya nyani yalikuwa dhambi ya mchana, dhambi ya vitabu, na dhambi ya namna hiyo aliijua jinsi ya kuishughulikia. "Denise, mutoto wako hana kintu. Umupe akule. Mais huyu, Loïc wangu hatakaa tena mbele yake. Na bamama bote nitabaambia leo." Akatoka, na viatu vyake vilisikika koridoni mpaka vilipoisha.

Hapo ndipo shule ilipokwisha kwa Bertila. Alijua hivyo, na alishangaa kuona bado amesimama.

Denise alikwenda jikoni mbio, akarudi na glasi ya maji na mkate uliopakwa siagi ya karanga nusu kidole. Kethia alikunywa kwa mikono miwili, maji yakimmwagikia gauni jeupe, na mama yake akapiga magoti kando ya kiti akaanza kulia, kilio cha kuumiza, kile ambacho mtu hukitoa akiwa amekibana siku nzima.

"Nilikuwa nitamupeleka," alisema. "Maîtresse, nilikuwa nitamupeleka kweli."

"Ulikuwa umeogopa."

"Tulikuwa na mudogo wetu. Fifi. Miaka nane." Denise alijifuta kwa ncha ya kilemba. "Walisema ni mulozi, kwa sababu ya maneno tu, maneno ya mutoto. Papa akamutoa nje ya nyumba mbele yetu bote. Mu sebule ile watu kumi na moja, hakuna mumoja aliinuka. Miye sikuinuka. Ignace alikuwa na miaka kumi na mbili, alikaa kwa kiti yake, anaangalia miguu yake. Fifi hatujamuona tena."

Bertila hakuthubutu kumtazama Ignace.

"Ulinidanganya juu ya Biblia yangu," Denise akaendelea, na sauti ikapata makali yake ya kawaida. "Ile nitakukasirikia mwaka muzima, ujue. Na ile sura yako ya nyani miye siiamini hata kidogo. Mais weye umeinuka. Ulijua utapoteza yote, na umeinuka kwa mutoto ambaye si wako." Akamshika mkono, mkono wenye siagi ya karanga. "Dada wa namna hiyo nitamutoa wapi? Ignace! Chukua simu. Piga kwa papa. Sema miye nimekubali."

Ignace alisimama kama aliyefunguliwa kamba. Furaha ilimjaa uso mzima, na wakati huo alikuwa mzuri, jamani, alikuwa mzuri mpaka Bertila akaona haya kuendelea kumpenda vile. Alimfikia kwa hatua mbili.

"Umesikia? Berti, umesikia yaya alivyosema?"

"Nimesikia. Njoo nje kidogo."

Koridoni kulikuwa na harufu ya nguo mbichi. Alifunga mlango nyuma yao. Ignace alitaka kumkumbatia, Bertila akaweka kiganja kifuani pake, si kumsukuma, kumshikilia tu hapo alipo. Moyo wa mwanaume yule ulikuwa unadunda kwa nguvu chini ya shati lililolowa.

"Ulijua habari ya Jumatatu," alisema.

"Berti..."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini ningefanya mpango. Ningemtoa."

"Mpango gani?"

"Nilikuwa naogopa kukupoteza," Ignace alisema. "Naapa, ni hilo tu. Tangu jana sijalala. Nilikuona akilini unapanda ndege, nikachanganyikiwa."

"Nakuamini." Na alimwamini, hilo ndilo lililokuwa gumu. "Hata mimi niliogopa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndoto. Bado kidogo tu."

"Basi tuko sawa! Wote tumeogopa, yamepita, mtoto anakula. Tumpigie papa."

"Nijibu kitu kimoja kwanza." Machozi yalikuwa yameanza na hakuyafuta. "Kethia angekuwa wetu, Ignace. Wangu na wako. Amekaa pale mezani, gauni jeupe, hajala tangu jana. Mama Loïc yuko kwenye kochi. Dada yako yuko dirishani. Mimi sipo, nimekwenda sokoni. Ungesema nini?"

Laiti angedanganya tu. Angeapa kwa mbingu na nchi, angesema ningemchukua nikakimbia naye, na Bertila angelimeza neno hilo kwa pupa, angelishukuru, na saa kumi na moja angekuwa anamwita mzee wa Likasi baba. Alimtazama machoni akimwomba kimya kimya adanganye.

Lakini Ignace, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakutazama miguu yake. Alimtazama yeye, na macho yakamjaa machozi.

"Sijui," alisema. "Berti, sijui."

Kupitia mlango walisikia Kethia akiomba mkate mwingine.

Bertila alitoa kiganja chake kifuani pake. Kilitoka na joto la Ignace, na alikifumba ili joto lisimtoke haraka.

"Usimpigie baba leo."

"Kesho?"

"Siku utakayojua jibu."

Akafungua mlango, akaingia, akamwacha koridoni. Denise aliinua kichwa, simu tayari mkononi, akatazama nyuma ya mgongo wa Bertila akimtafuta mdogo wake. Bertila alivuta kiti, akakaa karibu na mtoto, akaanza kumkatia mkate.